Hana Kazi, Yupo Nyumbani Tu

Fanueli Hoza alikuwa na mwandiko uliosifiwa Soni nzima, hata na watu wasiojua kusoma. Kwa miaka tisa alifundisha shule ya misheni, kisha akawa karani wa usharika, na daftari la ubatizo aliloliandika lilikuwa safi mno hata mchungaji akawa anaona tabu kulifungua akiwa ametoka kula. Alipenda mistari iliyonyooka na hesabu zinazofunga. Kitu kisichoandikika kwenye mstari alikiona kuwa ni uzembe wa mtu fulani, na mara nyingi alimjua mtu mwenyewe.

Mwaka wa sitini na tisa, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaka kujua wananchi wanapata nini na wanatumia nini. Haja hiyo ilikuwa na maana, maana huwezi kugawana sawasawa kitu ambacho hujui ni kiasi gani. Wakatafutwa wadadisi wa kupita nyumba kwa nyumba, na Fanueli akapata nafasi. Alipewa mkoba wa turubai, penseli sita, fomu za kurasa kumi na nne kila moja, na mkataba wa kufika mwisho wa Desemba kwa mshahara wa shilingi mia mbili na arobaini kwa mwezi. Aliapa mbele ya hakimu wa Lushoto kwamba hatatoa siri ya nyumba yoyote. Aliporudi Soni alimwambia mkewe, Yudith, kwamba kuanzia siku ile yeye ni mtu wa siri. Yudith akasema vizuri, akamwomba amshikie mtoto.

Nyumba za kudodoswa zilichaguliwa kwa kura huko Dar es Salaam, kutoka kwenye orodha za wajumbe wa nyumba kumi. Kura ya kwanza ilimwangukia Mzee Sefania Shekiango wa Vuga. Mzee huyu alikwisha kuona watu wa karatasi. Wakati wa Mwingereza alikuja bwana shamba na karatasi kama ile ile, na baada ya karatasi yakaja matuta ya lazima, na baada ya matuta zikaja faini. Kwa hiyo alimpokea Fanueli kwa heshima zote, akampa kigoda na ndizi mbivu, na akakusudia asimwambie kitu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Starehe.”

“Kaya yako ina watu wangapi?”

Mzee Sefania akahesabu kwa vidole, akarudia, akamwita mkewe jikoni amkumbushe mmoja. “Ishirini na saba.”

Fanueli akaandika ishirini na saba kwa mwandiko mzuri.

“Unafanya kazi gani, mzee?”

“Kazi sina.”

“Hata kidogo?”

“Ningekuwa na kazi ungenikuta hapa saa nne ya asubuhi? Nalima tu.”

Fanueli akaandika: Kazi, hana. Mapato, hakuna. Walipofika kwenye matumizi mzee akachangamka, kwa kuwa hakuna serikali aliyoisikia ikimtoza mtu kwa kununua chumvi. Akataja sukari, mafuta ya taa, sabuni, sadaka, kanga mbili za mama na dawa ya mbuzi. Jumla yake kwa mwezi ilikuwa shilingi hamsini na nane na senti arobaini.

Msimamizi wa wadadisi pale Lushoto alikuwa Bwana Selemani Mbaruku, mtu wa Pangani, aliyevaa sweta mbili tangu asubuhi na kuilaani baridi ya milimani kwa Kiswahili ambacho wenyeji waliona raha kukisikiliza. Alikuwa na mashine ya kuhesabia yenye mpini, na mpini ule aliuzungusha kwa hasira.

“Bwana Fanueli. Watu ishirini na saba, vyumba viwili. Wanalalaje?”

“Wengine hawapo.”

“Wapo wapi?”

“Mombasa. Korogwe. Mmoja yupo jeshini.”

“Sasa ndani ya fomu yangu wanafanya nini?”

“Ni kwao,” alisema Fanueli.

Bwana Selemani akavua miwani. Ikabidi amweleze kwamba katika fomu, kaya ni watu wanaolala hapo na kula chungu kimoja. Fanueli alisikiliza kwa makini na moyoni hakukubali. Kwa Kishambaa kaya ni nyumbani, na mtu haachi kuwa na nyumbani kwa sababu amepanda basi kwenda Mombo. Timotheo wa Mzee Sefania alikuwa Mombasa tangu mwaka wa hamsini na moja, na bado angezikwa Vuga. Lakini fomu ilikuwa ya serikali. Akafuta watu ishirini na wawili.

“Na hii,” Bwana Selemani akaendelea. “Mapato hana, matumizi hamsini na nane. Ati huyu ni mchawi?”

Fomu ikarudishwa, na pembeni Bwana Selemani aliandika kwa penseli nyekundu: Huyu anakula nini? Kati ya fomu kumi na mbili za mwezi ule, kumi na moja zilirudi na swali hilo hilo. Iliyokubaliwa ilikuwa ya dresa wa zahanati, ambaye alikuwa na mshahara.

Fanueli alikunja uso wiki nzima. Kulikuwa na mdadisi mmoja upande wa Mlalo ambaye fomu zake hazikurudi hata moja; mapato na matumizi yalilingana hadi senti, na yeye alikuwa nyumbani kwake saa tisa kila siku. Fanueli alifikiria kumwiga. Kabla hajapiga moyo konde, Bwana Selemani alimfukuza yule mtu kazi, akasema hajawahi kuona wilaya nzima isiyokuwa na mtu hata mmoja mwenye deni.

Jambo lililomsumbua zaidi lilikuwa Dar es Salaam. Ofisi ilitangaza kwamba mkataba ukiisha, mdadisi mmoja wa Lushoto atachukuliwa makao makuu awe mhakiki, mtu wa kukagua fomu za wenzake. Kazi ya kudumu, mshahara shilingi mia nne na ishirini, na nyumba ya serikali ambayo kodi yake ni sitini. Fanueli aliitaka kazi ile kiasi cha kuota anakabidhiwa mhuri.

Alimweleza Yudith mwezi Machi, wakiwa wanapukuchua mahindi. Walikuwa na watoto wanne, mkubwa Secilia, na nyumba ya bati chini kidogo ya barabara ya Lushoto.

“Haitatutosha, Baba Secilia,” alisema Yudith.

“Haitatutosha vipi? Hapa tunaishi kwa mia mbili na arobaini na hatujawahi kulala njaa. Kule ni mia nne na ishirini. Toa sitini ya nyumba, zinabaki mia tatu na sitini. Mia tatu na sitini na mia mbili na arobaini, kubwa ni ipi?”

“Mia tatu na sitini.”

“Basi.”

Yudith akaendelea kupukuchua. Fanueli aliirudia hesabu ile kichwani, akaona haina kasoro, akahitimisha kwamba mkewe hataki kumwacha mama yake. Aliona si vizuri kumlaumu mtu kwa kumpenda mama yake, kwa hiyo hakumlaumu. Alinyamaza naye kwa siku nne.

Masika yalipopamba moto, kura ilimwangukia Bi Mwajuma, mjane wa makamo aliyekaa karibu na mto Soni. Fanueli alifika saa tatu akiwa na haraka ya nyumba nyingine mbili. Alipomuuliza kazi, mama alicheka.

“Kazi! Nani atampa kazi mama kama mimi? Nakaa tu, mwanangu.”

Fanueli akaandika hana. Akafunga mkoba, akasimama, na mvua ikashuka. Ilikuwa mvua ile ya huku inayoficha mlima wa ng'ambo na kuuacha ufichike hadi jioni. Akakaa tena jikoni kwa Bi Mwajuma, karibu na moto, akangoja.

Akiwa amekaa, akaja mtu aliyejitanda gunia kichwani, akapewa miche ya kabichi iliyofungwa kwa majani ya mgomba, akalipa. Akaja mtoto wa jirani kuchukua mayai sita. Akaja utingo wa lori la mboga, akabeba matenga mawili ya karoti kutoka uani na kuacha noti ndani ya kikombe rafuni bila kuulizwa wala kuuliza, maana alikwisha kuizoea njia. Fanueli alitazama kile kikombe.

“Mama, ile ni nini?”

“Ipi? Aa, karoti tu.”

“Na yule wa kwanza?”

“Miche tu. Mvua ikinyesha wanataka miche.”

“Na mayai?”

“Mayai nayo ni kitu cha kuandika? Kuku wenyewe wawili watatu tu.”

Hapo Fanueli akaacha kuitazama mvua. Kwa miezi miwili alikuwa amesikia neno lile kila nyumba, na kila alipolisikia aliweka penseli chini, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa Mshambaa aliyelelewa vizuri, na alijua mtu akisema “tu” amekuomba usiendelee. Ni adabu. Anayejisifia mali hadharani anajitafutia maneno, na mgeni anayechimba baada ya neno hilo hakufundishwa kwao. Wadadisi wote walikuwa watu wenye adabu. Ndiyo maana wilaya nzima ilikuwa haina kazi na haina kitu, na inanunua sukari.

Akafungua mkoba, akachukua fomu mpya.

“Mama, niwie radhi. Nitakuuliza mambo ya utovu wa adabu.”

“Uliza, mwanangu. Mvua yenyewe hii.”

Akauliza ya karoti, ya miche, ya mayai, ya ndizi, ya upatu wa kina mama, ya chumba alichompangisha fundi baiskeli tu. Kila “tu” aliipigia mstari na kuifuata mpaka mwisho wake. Ilichukua saa nne. Bi Mwajuma alikasirika mara moja, akacheka mara kadhaa, na mwishoni akawa anakumbuka mwenyewe kabla hajaulizwa. Mapato yake yalikuwa shilingi mia moja na kumi na mbili kwa mwezi, na matumizi yake yalipishana nayo kwa shilingi mbili.

“Zote hizo zangu?” aliuliza.

“Zako, mama.”

Bi Mwajuma akamwomba amsomee tena.

Fomu za Fanueli zikaacha kurudi. Alirudi Vuga kwa Mzee Sefania, akaomba radhi, akaifuata ile “nalima tu” hadi kwenye gunia la tatu la kahawa. Bwana Selemani aliuzungusha mpini wa mashine yake taratibu, mara ya kwanza tangu afike milimani. Mwezi Juni akawakusanya wadadisi wote katika chumba kimoja cha Lushoto, akampa Fanueli chaki. Fanueli aliandika ubaoni neno moja lenye herufi mbili, akasimama kando yake kama mwalimu aliyekuwa.

“Mkilisikia hili, msisimame,” alisema. “Kaeni chini.”

Mdadisi mwingine, Klara, binti Mkatoliki aliyesomea ualimu wa sayansi kimu, akanyoosha mkono. “Wanawake hawasemi mbele ya waume zao, Bwana Fanueli. Mume akiwepo hata ‘tu’ hawaisemi.”

Fanueli aliliona jambo hilo kuwa la maana sana. Likaandikwa: mume na mke waulizwe mbalimbali. Mume atangulie, kisha aambiwe kwa upole akaangalie ng'ombe. Na maneno ya mtu yaandikwe pembeni kama alivyoyasema. Julai Fanueli akapewa ukaimu wa uhakiki palepale Lushoto, na kila mtu akajua nani anaelekea Dar.

Mwezi Septemba ikaja orodha mpya, na kura ikaiangukia nyumba ya Fanueli Hoza, Soni. Alifurahi. Mtu aliyewaamsha wenzake usingizini ana haki ya kuonyesha mfano. Kwa kuwa hairuhusiwi mtu kuidodosa nyumba yake, akaja Klara, akakaa kwenye kiti cha wageni, na Fanueli akajibu kwa sauti iliyonyooka. Mshahara, mia mbili na arobaini. Nyumba, ya bati, ameijenga mwenyewe.

“Na mke wako anafanya kazi gani?”

“Hana kazi. Yupo nyumbani tu.”

Penseli ya Klara ikasimama. Akamtazama Fanueli, naye akamtazama kwa utulivu wa mtu aliyejibu vizuri.

“Haya, kaka,” alisema Klara. “Nenda ukaangalie ng'ombe.”

“Sisi hatuna ng'ombe.”

“Kaangalie wa jirani.”

Akaenda akasimama barabarani. Alisimama saa mbili na nusu. Malori ya mboga yalipita kwenda Mombo, na madereva wawili walimpungia mkono kwa uchangamfu ambao hakuuelewa, hakuwajua. Klara alipotoka alimuaga haraka na hakumwangalia usoni.

“Mlizungumza nini saa zote hizo?” alimuuliza Yudith.

“Maswali ya serikali.”

“Yapi?”

“Si ni siri?” alisema Yudith.

Fomu za Soni zilimfikia mezani kwake, yeye mhakiki, wiki ya pili ya Oktoba, hamsini kwa mkupuo, hazina majina, namba peke yake. Bwana Selemani alikuwa Tanga kwenye mkutano, na zilitakiwa ziondoke na basi la Jumamosi. Fanueli alizikagua moja moja kwa penseli nyekundu. Alipofika ile ya kumi na saba aliona mwandiko wa Klara, na akafurahia jinsi ilivyojazwa. Mapato yote mia nne hamsini na tano, matumizi mia nne hamsini na mbili, tofauti shilingi tatu. Na chakula cha shambani kwao kilikuwa kimeandikwa kando, nje ya jumla hiyo, kama inavyotakiwa. Hakuna fomu nzuri kuliko hiyo iliyowahi kupita Lushoto. Alisoma mapato ya mke: maharage na kabichi gulioni, themanini na nne. Maandazi ya wapakiaji wa malori, thelathini na tano. Kushona, thelathini na moja. Plamu kwa msimu, ishirini na tano. Miche, ishirini na mbili. Mayai, kumi na nane. Jumla mia mbili na kumi na tano. Mwanamke hodari, aliwaza.

Mume: mshahara mia mbili na arobaini. Anazotoa nyumbani, mia moja na kumi. Baiskeli ya mkopo, thelathini na tano. Vyakula vya safarini. Viatu.

Fanueli akavitazama viatu vyake chini ya meza.

Alipaswa kuiweka fomu ile kando. Kanuni ilikuwa wazi, mtu haikagui nyumba yake, na yeye mwenyewe aliifundisha. Aliendelea kusoma. Ukurasa wa nyumba na vifaa ulisema bati thelathini: nane zimenunuliwa na mume mwaka wa sitini na nne, ishirini na mbili na mke, kidogo kidogo. Fanueli alizikumbuka zile nane. Alizileta mwenyewe kutoka Tanga juu ya basi. Baada ya hapo nyumba iliezekwa ikaisha, na kwa miaka mitano aliamini kwamba bati nane zilitosha, kwa sababu haikuwa inavuja.

Pembeni, kwa herufi ndogo, Klara alikuwa ameandika maneno ya mwenye nyumba kama alivyoyasema: “Nauza tu kidogo kidogo, ili mshahara wa baba watoto uonekane unatosha. Msimwambie, ataona haya.”

Aliona haya. Hakuweza kuinua macho ingawa chumbani hamkuwa na mtu. Ilimuuma kwamba hakujua. Iliuma zaidi kwamba ukweli huo alifichwa kwa wema. Kisha, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa, akachukua kipande cha karatasi akapiga hesabu. Dar es Salaam, mia tatu na sitini, kila ndizi ya kununua. Soni, mia nne hamsini na tano na shamba. Akakumbuka siku nne alizonyamaza mwezi Machi. Akachukua penseli, akaandika chini ya fomu ile, pale pa mhakiki: Sahihi.

Barua ya Dar ilikuja wiki ileile. Kazi ni yake, ajibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kama hataki, mkataba wake unaisha Desemba na hakuna kingine. Fanueli alikaa nayo siku mbili mfukoni. Akienda, ataibomoa nyumba yake mwenyewe kwa mikono miwili, huku anaiita kupanda cheo. Akikataa, atabaki bila mshahara, na hawezi kumwambia mtu yeyote sababu, kwa kuwa sababu ilikuwa ndani ya siri aliyoiapia. Siku ya tatu akaandika kwamba anashukuru sana, lakini anaomba abakizwe Lushoto kwa cheo chochote, kwa kuwa mke wake ana kazi Soni.

Alimweleza Yudith kabla ya kuituma, lakini ile sababu ya kazi hakuisema.

“Siendi Dar.”

“Kwa nini?”

“Mshahara hautoshi.”

Yudith aliacha kukoroga. “Nani kakwambia?”

“Wewe.”

“Mimi nilikwambia Machi,” alisema Yudith, akakoroga.

Ofisi haikuridhika na neno kazi. Novemba ililetwa fomu ya ukurasa mmoja: kama mtumishi anazuiwa kuhama na ajira ya mwenzi wake, ataje jina la mwajiri, aina ya kazi, mshahara kwa mwezi, na mwajiri atie saini. Nafasi ya uhakiki wa wilaya ilikuwepo, ya shilingi mia mbili na sitini, na ingetolewa kama uthibitisho ungekuwa wa kuaminika. Ombi lile lilikuja kukubaliwa Februari, na barua ilisema ofisi imeridhika na mwajiri. Lakini kwanza ilibidi fomu ijazwe, na kuijaza ilibidi Fanueli aingie jikoni kwake akiwa na karatasi mkononi, jioni kabla ya chakula, watoto wakiwa bado uani.

Yudith aliisoma taratibu. Alikuwa amesoma hadi darasa la nne, na alisoma kwa kidole. Alipofika kwenye ajira ya mwenzi, kidole kikasimama.

“Umewaandikia kwamba nina kazi.”

“Ndiyo.”

Maji yakachemka yakamwagikia moto. Yudith akaipua sufuria. Kisha akanawa mikono, akaifuta kwa upande wa kanga, akachukua kalamu, na penye jina la mwajiri akaandika: Yudith binti Nathanaeli. Herufi zake zilipanda na kushuka kwenye mstari. Fanueli alizitazama na kwa mara ya kwanza maishani hakutamani kuzinyoosha. Penye saini akaandika vilevile.

“Aina ya kazi na mshahara andika wewe,” alisema. “Mwandiko wangu wameshauona.”

Fanueli akachukua kalamu. Akaandika: Mkulima na mfanyabiashara. Akateremka mstari wa pili, na mkono wake, uliozoea kunakili, ukaandika mbili, ukaandika moja, ukaandika tano.

“Sijakutajia bado,” alisema Yudith.

Moto ulikuwa unavuma. Fanueli aliiweka kalamu chini.

“Niliisoma. Sikupaswa. Sikujua ni yetu mpaka nilipokwisha kuisoma nusu, na nilipojua sikuiacha. Nimeona haya, Mama Secilia. Nimeona haya kwa ajili ya miaka yote. Nisamehe.”

Yudith alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima bei ya mwisho ya kitu. Kisha akaiinamia karatasi, akaikagua ile namba kwa kidole.

“Hii ni makosa,” alisema. “Ni mia mbili na thelathini na tisa. Ishirini na nne sikumwambia Klara.”

Fanueli Hoza, mhakiki, alijua kwamba penye mapato ya ishirini na nne yasiyoandikwa pana matumizi ya ishirini na nne yasiyoandikwa, na kwamba palikuwa na mahali yalikokuwa yakienda kila mwezi, na kwamba swali lake lilikuwa moja na jepesi. Alimwangalia mkewe, naye akamwangalia, akingoja aone kama ataliuliza.

Fanueli akaikata ile namba, akaandika mia mbili na thelathini na tisa.